Ukingo Unaohama

Kwenye mawe ya tuta la bwawa la New Sola, pale Zanzui, wilayani Maswa, mkoani Simiyu, kuna mstari mweupe unaoonyesha maji yalipofika mvua zilipokuwa zimekolea. Ikifika Julai mstari huo umeachwa juu, mkavu. Chini yake kuna mawe ya kahawia, halafu tope lililopasuka vipandevipande, halafu tope bichi lenye nyayo za ng'ombe na za korongo, halafu ndiyo maji. Mzee anayevua hapo asubuhi haketi tena pale alipoketi Mei. Ameyafuata maji. Ana fimbo ndefu, uzi wa nailoni, ndoana, na chelezo alichokikata kwenye ndala iliyochakaa. Chambo chake ni nyungunyungu waliomo ndani ya kopo lenye udongo. "Mwangaluka, baba," nikamwamkia, akaitika bila kugeuza kichwa, maana upepo ulikuwa unakichezea chelezo na jicho lake lilikuwa huko. Mimi nilikuwa nautazama umbali. Kati ya ukingo wa Aprili na ukingo wa siku ile palikuwa na hatua nyingi za mtu mzima, na katikati yake ardhi mbichi, laini, ambayo kwa miezi michache haimo majini wala haimo katika nchi kavu.

Pwani, maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mtoto wa Pangani au wa Kilwa huzaliwa ndani ya hesabu hiyo. Anajua kuwa bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka, na kwamba kati ya bamvua mbili zipo siku za maji mafu ambapo bahari husitasita, haiendi mbali wala haiji karibu. Wakati wa bamvua kubwa maji ya pwani yetu hupanda na kushuka karibu mita nne. Wanawake hutembea kwa miguu hadi mwambani kuchokoa pweza mahali ambapo saa sita baadaye jahazi litapita. "Maji yakijaa hupwa," wanasema, na huko hakuna anayehitaji kuelezwa, kwa sababu ameyaona asubuhi na atayaona tena jioni. Maswa haina saa hiyo. Hata Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, halina kujaa na kupwa kunakoonekana kwa macho, sembuse bwawa. Huku kwetu maji hujaa mara moja na kupwa mara moja, na mwendo wake huchukua mwaka mzima. Mvua za Novemba huyaamsha, za Machi na Aprili huyafikisha juu, kisha Mei huanza kurudi nyuma, kidole kwa kidole, mchana na usiku, hadi mawingu mengine yatakapojikusanya. Kipupwe ndiyo saa za mwanzo za kupwa huko. Anayevua Julai anavua kwenye maji yanayoondoka, na hayatarudi jioni.

Na upepo ule uliokuwa unakichezea chelezo cha mzee ulianzia baharini. Kuanzia Mei hadi Septemba pepo za kusi huvuma kutoka Bahari ya Hindi, zikaipiga pwani yote kuanzia Mtwara hadi Lamu. Sehemu yake huvuka ikweta, hupinda, hushika njia ya Uarabuni. Huko Dhofar, kusini mwa Oman, watu huita msimu huo kharifu, na vilima vya Salalah huvaa kijani kwa manyunyu yake, huku bahari ikichafuka kiasi cha kuwafanya wavuvi wavute mashua zao juu ya mchanga wasubiri Septemba. Sehemu nyingine hugeukia bara. Hupanda milima ya Usambara na ya Uluguru, huacha huko unyevu wake, huvuka nyanda za kati, na hutufikia sisi ikiwa kavu, yenye kiu, imebeba vumbi. Basi upepo unaomzuia mtu wa ngalawa kutoka nje ya mwamba kule Kilwa ndio unaolamba maji ya mvuvi wa Zanzui. Nimeishi nikisikia kuwa sisi wa Simiyu hatuna bahari. Sidhani kuwa ni kweli. Bahari hutufikia kila mwaka. Tatizo ni kwamba hutufikia ikiwa imeshamwaga mzigo wake njiani.

Pwani kipupwe hutenga watu. Mwenye boti ya mashine huchagua siku ya kutoka. Mwenye ngalawa hubaki ndani ya mwamba. Asiye na chombo hana cha kuchagua, naye hubaki na ukingo. Ndiyo maana miezi hii utawaona wamesimama pale nchi kavu inapoishia: juu ya mawe ya kuvunjia mawimbi, kwenye magati, penye mdomo wa Mto Pangani, kandokando ya daraja la Salenda jijini Dar es Salaam ambapo Mto Msimbazi huingia baharini. Mshipi wameuzungushia chupa ya plastiki, chubwi ya risasi imefungwa mwishoni, ndoana ziko juu yake kidogo. Huuzungusha juu ya kichwa mara mbili tatu, huuachia uende, kisha huubana kati ya gumba na kidole cha shahada, wakisikiliza kwa ngozi. Wanajua kwamba maji matamu yanapokutana na ya chumvi chakula hukusanyika, na penye chakula mkizi huja, na penye mkizi hufuata kolekole na mzia. Wanajua pia kwamba maji yakianza kujaa, mlango wa hori hufunguka kwa muda mfupi, na aliyelala wakati huo amelala. Kule New Jersey, Marekani, watu hupanda kuta za mawe za Barnegat Inlet katika baridi ya Desemba wakifanya jambo hilohilo, vidole vimekufa ganzi, macho kwenye povu. Sijawaona, lakini nadhani ningewafahamu kwa namna wanavyosimama.

Kwa maana mtu wa ukingoni anasimama kwa namna yake. Mwenye chombo humfuata samaki. Wa ukingoni hufika mahali, akatulia, akaomba afuatwe. Nguvu zake zinaishia pale mkono wake unapoweza kutupa. Hawezi kusema leo samaki wako ng'ambo, twende ng'ambo. Anachoweza ni kulijua vizuri eneo lile dogo lililo mbele yake: shimo liko wapi, gogo liko wapi, jua likifika usawa gani perege hukaribia kivuli cha mafunjo, upepo ukigeuka kambale hulala upande gani wa tope. "Maji ya kifuu bahari ya chungu," na chungu huyo akiishi humo miaka mingi atakijua kifuu chake kuliko nahodha anavyoijua bahari. Maarifa hayo hayaandikwi popote. Hukaa kwa watu ambao kwenye takwimu za uvuvi hawahesabiwi, kwa sababu hawana mtumbwi wenye namba, hawauzi mnadani, na walichopata jana kililiwa jana. Nao hulipa. Asimamaye majini hadi magotini, katika ukanda wetu huu wa ziwa, husimama pamoja na kichocho, na wengi wanaoijua kazi hii wanaijua pia rangi ya damu kwenye mkojo wa watoto wao.

Watu hudhani kipupwe ni majira ya maji kulala. Juu ya uso huonekana hivyo: pamba imevunwa, magunia yanasubiri mizani ya ushirika, nyasi zimegeuka rangi ya majani ya chai, na samaki, kwa baridi ya asubuhi, huuma kwa uvivu. Lakini kwenye Ziwa Victoria hii ndiyo miezi ambayo vilindi hupata pumzi. Miezi ya joto maji ya juu hukaa juu na ya chini hukaa chini, hayachanganyiki, na huko chini hewa huisha. Inapofika Juni hadi Agosti, maji ya juu hupoa, huwa mazito, pepo za kusi huyasukuma, na ziwa zima hujichanganya kutoka usoni hadi kwenye tope la chini, mita zipatazo 80 mahali pa kina kirefu. Hewa hushuka, mbolea hupanda. Chakula cha dagaa wa miezi ijayo hupikwa wakati huu ambapo mtu aliyejifunga shuka ukingoni anaona maji ya kijivu tu. Napenda kulikumbuka jambo hili ninapomwona mtu amekaa nusu siku bila kuguswa mshipi. Pengine yuko mbele ya kazi kubwa inayofanyika bila kelele.

Mto Simiyu, uliotupa jina la mkoa wetu tangu ulipoanzishwa mwaka 2012, huanzia nyanda za Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, hushuka kuelekea magharibi na kuingia Ghuba ya Speke huko Magu. Kiangazi huwa mchanga kwa sehemu kubwa. Masika hurarua kingo zake. Mito ya namna hii ilikuwa njia ya ningu. Ningu ni samaki wa ziwa, ila kutaga hutaka mto, na mafuriko yalipoanza alipanda kwa makundi kwenda kwenye mabonde yaliyofunikwa na maji. Watu wa kando ya ziwa waliijua siku yake. Waliweka mitego ya mafunjo na matete, wakachukua wengine, wengine wakapita. Ilipofika katikati ya karne iliyopita, nyavu za makila zikanyooshwa kukatiza midomo ya mito wakati uleule wa kupanda, zikawakamata wakiwa na mayai tumboni. Ilichukua miaka michache tu. Leo ningu ni jina ambalo vijana wengi wa ukanda wa ziwa hawajawahi kulionja. Mimi huliona kosa lile kuwa kubwa kuliko ulafi wa kawaida, kwa sababu mdomo wa mto ni mlango, na mlango ukizibwa anayezuiwa ni aliye ndani na aliye nje, na vizazi vyote viwili.

Kwa hiyo sitaki kuusifia ukingo kupita kiasi, eti kila avuaye akiwa amesimama ardhini ni mtu mpole. Kokoro nalo huvutwa kutoka ukingoni. Kundi la watu hulizungusha kwa mtumbwi, kisha husimama mchangani na kulivuta pande mbili, na linakuja na kila kitu: sato mkubwa, kifaranga wa sangara, yai, jani, viota ambavyo perege walikuwa wamevichimba kwenye mchanga wa kina kifupi. Tanzania ililipiga marufuku mwaka 1994, na bado huvutwa usiku. Ukingo uleule, miguu ileile ndani ya maji yaleyale. Mmoja anashika uzi unaoleta samaki mmoja kwa kinywa chake mwenyewe, mwingine anashika kamba inayoleta kesho pamoja na leo. "Mwenye pupa hadiriki kula tamu." Tofauti yao iko katika jinsi kila mmoja anavyouona ukingo: kwa mmoja ni mahali pa kukutana na maji, kwa mwingine ni mahali pa kuyamaliza.

Niruhusu, msomaji, nigeuke upande wa mashariki, maana huku kwetu kuna maji ya chumvi pia, na wengi wanayasahau. Tone la mvua likianguka sehemu kubwa ya Maswa huingia Simiyu, likafika ziwani, likapata njia ya Nile, na lisiponywewa na jua wala na mtu litaiona bahari kule Misri. Tone likianguka jirani tu, kwenye mabonde ya Meatu yanayoelekea Mto Sibiti, njia yake ni fupi na haina mlango wa kutokea. Sibiti hutoka Ziwa Kitangiri na kuishia Ziwa Eyasi, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na Eyasi haliendi popote. Maji yake huondoka kwa jua peke yake. Yanapoondoka huacha chumvi. Wasukuma wa vizazi vilivyopita walikuwa wakitoka huku kwa miguu, wakipita nchi ya Wahadzabe, kwenda kuichota. Mtu alirudi na mzigo wa bahari aliyoipata bila kuiona bahari. Na humo kwenye maji yanayouma ulimi anaishi perege mdogo, Oreochromis amphimelas kwa jina la wataalamu, ambaye hapatikani nje ya Tanzania: yuko Eyasi, Manyara, Kitangiri, Singida, kwenye maziwa ya chumvi na magadi ambayo samaki wengine huyakimbia. Mvua zikiwa nyingi na Sibiti ikishusha maji mengi, Eyasi hutanda, kambale hupatikana, watu huvua. Zikiadimika, ziwa hunywea kwa kilomita, na anayetafuta samaki hana budi kwenda penye mdomo wa mto, ambapo kuna utamu kidogo uliobaki. Nikilifikiria Eyasi naona kupwa kwa aina ya tatu, kusikohesabika kwa saa wala kwa mwaka. Maji yanaweza kuondoka miaka mitatu, na siku moja yakarudi kudai kila shibiri ya sakafu yake. Hakuna mwenye akili aliyewahi kujenga juu ya sakafu hiyo akasema maji yamehama.

Huku Maswa tunasema hivyo. Tunayaona maji yakirudi nyuma tunadhani yametuachia urithi. Na urithi huu una historia ya jasho. Usukuma haukuwa nchi ya mabwawa. Malambo mengi tuliyoyakuta yalichimbwa baada ya mwaka 1947, ulipoanza ule mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, ng'ombe wapate pa kunywea na watu wasiteke maji kwa mwendo wa nusu siku. Samaki nao waliletwa kwa mkono. Mwaka 1949 majaribio ya kwanza ya kufuga perege katika nchi yetu yalifanywa mahali pawili, Korogwe na Malya, na Malya ni majirani zetu, kituo kimoja cha reli baada ya kingine ukitoka Malampaka kwenda Mwanza. Watu walichimba shimo, wakangoja mvua, wakaweka samaki, wakapata ukingo. Nadhani hakuna kitu cha ukarimu zaidi ambacho kizazi kimoja kinaweza kukiachia kingine katika nchi kavu kuliko mahali ambapo mtoto anaweza kusimama na uzi akangoja. Malambo mengi kati ya hayo leo yamejaa udongo. Yalilimwa kutoka juu kuja chini, jembe likafuata maji hatua kwa hatua kila kipupwe, mvua za Novemba zikakuta ardhi iliyotifuliwa, zikaibeba yote na kuilaza chini. Bandu bandu huisha gogo. Lambo halikauki siku moja; hupungua kina kidogo kila mwaka, hadi mwaka ambao ng'ombe wanalivuka bila kulowesha tumbo.

Ninajua kwa nini jembe hufuata maji. Tope lililoachwa Julai lina rutuba na unyevu wakati mashamba mengine yote yana vumbi. Mtu mwenye watoto akitupa hapo mbegu za mchicha, mahindi ya kuchoma, viazi vitamu, atakula Septemba wakati jirani yake ananunua. Njaa si kosa la mtu. Lakini tope lile halikuachwa. Mtu wa pwani akiona mchanga mtupu wakati wa maji kupwa hajengi kibanda, kwa kuwa anajua huo ni mchanga wa bahari hata kama bahari haipo juu yake saa hiyo. Kupwa kwetu ni kurefu mno, ndiyo maana tunasahau. Miezi sita inatosha kumfanya mtu aamini kuwa kilichoondoka kimempa ruhusa. Mimi naamini ukingo ni wa maji hata yakiwa mbali, na kwa sababu ni wa maji ni wa wote: wa mzee na fimbo yake, wa mchungaji, wa mama mwenye ndoo, wa korongo, wa kambale ambaye masika yajayo atakuja kutaga kwenye nyasi ambazo leo tunazing'oa.

Sheria haijakaa kimya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu, na zile zinazoharibu hifadhi ya kingo, ndani ya mita 60 kutoka kwenye bahari, ziwa, mto au bwawa. Tatizo la Maswa ni kwamba kila mtu huzihesabu mita hizo kutoka pale maji yalipo siku anayolima. Zihesabiwe kutoka pale yalipofika juu kabisa. Mji wa Maswa unakunywa kutoka bwawa hilihili la Zanzui, na wakazi wake hawahitaji kuambiwa na mwandishi maana ya mabomba kutoa hewa mwezi Oktoba.

Serikali za vijiji vinavyozunguka bwawa zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Vigingi vipimwe na kusimikwa Agosti, sehemu kubwa ya ardhi ingali wazi na kabla jembe halijashuka zaidi, na wale waliokwisha kupanda wapewe eneo la bustani juu ya vigingi, lenye maji ya kumwagilia, kabla ya kuambiwa waondoke. Njia za kufika majini zibaki wazi kwa anayekwenda kwa miguu. Mkutano mkuu wa kijiji unaofuata, msomaji wa Zanzui, nenda, na suala hili ulitaje.